Ini Halijui Nani Kapika

Jumatano, 5 Juni

Okiror, umekaa huko Mbale miaka mitatu kama mtu aliyezaliwa na mti. Simu unapiga Krismasi, dakika mbili, unaniuliza mvua. Mvua inanyesha bila wewe. Nimechoka kukutukana kichwani maana maneno yanapotea, ndiyo nikatafuta daftari. Mke wa mchungaji alinifundisha herufi nikiwa na mvi tayari, na zinatosha kukutukania. Nitaandika msimu huu wote wa ulezi, na siku miguu yako itakapokumbuka njia utakaa chini usome.

Sababu yako ninaijua. Mdogo wako Ilukor alikutapikia viatu mbele ya wakwe zako, siku ya mahari, na mimi nikakwambia umvumilie kwa kuwa ni damu yako. Ulikasirika, na haki ulikuwa nayo. Lakini hasira ikifika miaka mitatu si hasira tena, ni uvivu.

Sasa sikia. Ulezi umeiva. Leo Ilukor aliingia shambani na kisu cha kuvunia, jua bado changa, mkono wake ukitetemeka kama wa mzee wa miaka tisini. Ana arobaini na mmoja. Alikata masuke matatu na vidole viwili. Akatupa kisu, akaenda kwa Akiteng, akarudi mkono umetulia kama jiwe. Kutetemeka nimekuzoea. Huko kutulia ndiko kulikoniogopesha.

Akiteng unamjua, rafiki yangu tangu kabla hatujaota matiti. Anapika gongo nyuma ya choo chake, na choo ndicho kinachonukia vizuri.

Ijumaa, 7 Juni

Tumevuna mpaka mto. Ilukor hakuja.

Jumapili, 9 Juni

Miguu yake imevimba, viatu havimwingii. Anasema anatembea kama amekanyaga pamba, haisikii ardhi. Watu wanasema kuna mtu kamzikia kitu njiani. Amoding mkewe ana mimba ya miezi minane, na badala ya kupumzika ndiye anayemvisha suruali. Ameniambia, macho chini, kwamba mumewe halali. Analala kidogo, anaamka analia, akiulizwa anasema hakumbuki. Juzi alisahau jina la binti yake mkubwa, akamwita "wewe mtoto" siku nzima.

Nilimuuliza Amoding kwa nini hakuniambia mapema. Akasema, "Mama, wewe ndiye unayepika."

Alimaanisha ajon yangu ya Jumamosi, ile ya ulezi inayonywewa mtungini kwa mirija. Nilimwambia asinichanganye na Akiteng. Ajon ni ulezi na maji. Nilikasirika mpaka nikaunguza maharage.

Jumatano, 12 Juni

Mvua. Sina la kuandika, nina hasira tu.

Jumamosi, 15 Juni

Leo ukoo umekaa kumkanya mdogo wako. Nakuandikia jinsi ilivyokuwa ili siku moja ucheke, maana mimi bado sijaweza.

Wiki tatu nimeshughulikia pombe ya kikao hiki. Nimechachusha unga, nimekaanga, nimeanika, nimelowesha na kimea. Wazee kumi na wanne wamefika, kila mmoja na mrija wake mrefu ndani ya ala. Wakazunguka mtungi, nikamimina maji ya moto. Mzee Ekwaru, kaka ya marehemu baba yenu, akasafisha koo na kusema wamekuja kwa ajili ya kijana anayeuaibisha ukoo kwa pombe. Halafu akaingiza mrija mtungini, akavuta mpaka mashavu yakabonyea.

Ilukor alikuwa amesimama pembeni kama mshitakiwa. Ekwaru akamwambia, "Sogea, mwanangu. Mtu hawezi kusikiliza koo likiwa kavu."

Wote wakacheka. Na mimi nilicheka, Okiror, kwa hiyo usidhani nawasema wao peke yao.

Akasogea. Akashika mrija kwa mkono wa kulia, hakupuliza ndani, hakuchungulia mtungi, alipopiga chafya aliutoa kwanza. Mwanangu ana adabu zote za ulevi. Walimkanya saa tatu nzima, kila sentensi na funda lake, na mwishowe Ekwaru akatoa hukumu: gongo ni sumu, Ilukor asiliguse tena, kuanzia leo atakunywa ajon tu. "Ajon ni chakula," akasema. "Baba zetu wote wameinywa. Nani aliona ikimuua mtu?"

Majina matatu yalinijia kichwani, la kwanza la baba yenu. Nikajikumbusha kwamba yeye alirogwa, nikayameza yote. Nikapiga makofi pamoja na wengine.

Jumanne, 18 Juni

Ameshika neno. Hajaenda kwa Akiteng siku tatu. Nimemsifu mbele ya majirani.

Ijumaa, 21 Juni

Anatii sana. Asubuhi yuko kwenye mtungi wangu, mchana kwa Ekwaru, jioni kwenye msiba wowote ulio karibu. Msiba usipokuwepo anauliza nani mgonjwa.

Jumapili, 23 Juni

Macho yake yamekuwa ya njano. Nilidhani ni vumbi la ulezi. Nikamwosha kwa maji, yakabaki ya njano.

Jumatano, 26 Juni

Leo nimemkuta Amoding kisimani akifua suruali ya mumewe, tumbo limemzuia hata kuinama, amepiga magoti kwa ubavu. Alikuwa hafui matope. Mwanamume mzima amejikojolea mchana, kwa chakula.

Nilirudi nyumbani nikapiga teke mtungi wangu mwenyewe, nikaumia kidole cha mguu, nikaamua. Ukoo umeshindwa, kanisa limeomba mpaka limechoka, sasa ni zamu ya mama.

Alhamisi, 27 Juni

Nimemfungia. Alfajiri kabla hajanywa, nilimwita kwenye kibanda cha majembe nikamwambia kuna nyoka. Alipoingia nikatia komeo kwa nje. Ndani nimemwekea godoro, maji, uji, ndoo. Nimeburuta kinu nikakikalia mlangoni. Anapiga mlango, ananiita mchawi. Aniite apendavyo. Nilimzaa kwa siku mbili, siwezi kushindwa na mlango.

Ijumaa, 28 Juni

Anatetemeka mpaka mlango unasikika. Amelowa jasho, uji anautapika. Nilifurahi. Nilisema ni uchafu unatoka.

Jumamosi, 29 Juni

Naandika mkono haujatulia, na mimi sijanywa kitu.

Asubuhi hii alinyamaza, nikafikiri amelala. Nikachungulia. Alikuwa anabandua siafu ukutani, mmoja mmoja, anawatia kwenye kikombe. Hapakuwa na siafu. Kisha akageukia kona akasema kwa upole, "Baba, sogea. Mtungi umejaa."

Baba yenu yuko ardhini mwaka wa kumi na tano.

Nilifungua komeo nikapiga yowe. Watu wakaja. Ekwaru alipomsikia akizungumza na kona akasema mambo yako wazi: marehemu ana kiu, anamtaka mwanawe amnyweshe, iletwe ajon imwagwe kaburini haraka. Nami nikainuka kwenda kuileta. Andika hilo moyoni, Okiror. Mwanangu anapambana na kifo na mimi natafuta kibuyu cha pombe.

Sikufika. Nyuma yangu alianguka kama gogo, macho yamepinduka, meno yamebana, mwili unagonga chini. Wanaume wakarudi nyuma. Waliompa mrija kwa mikono miwili hawakuwa na hata mmoja wa kumshika kichwa. Amoding na tumbo lake ndiye aliyemshika.

Aliyekuja mbio ni Akiteng, na bilauri mkononi. Harufu ilitangulia. Akapiga magoti karibu yangu.

"Mpe kidogo tu, Asekenye. Umemkata ghafla. Mwili ndio unaomuua, si mzimu. Nimewaona wengi."

Niliichukua ile bilauri nikammwagia usoni. Miaka hamsini ya urafiki ilimchuruzika mpaka shingoni. Hakujifuta. Akasema, "Haya. Sasa shika bega, mimi nashika miguu."

Tukampakia kwenye bodaboda, dereva mbele, Ilukor katikati, Akiteng nyuma amemkumbatia asidondoke, nguo yake inanuka gongo lake. Mimi nilifuata kwa miguu mpaka kituo cha afya, maili nne, na njia nzima sikujua nimlaani nani kwanza.

Jumatatu, 1 Julai

Yuko hai. Amechomwa sindano za kumtuliza, anapewa maji ya mshipa na dawa za kuulisha ubongo. Amelala mdomo wazi kama alipokuwa mchanga.

Mganga wa kituo ni binti mdogo, anaitwa Anyait, masikio yake ningeweza kuyavuta. Aliuliza nani alimfungia. Nikasema mimi, kwa fahari bado. Akauliza siku ngapi. Nikasema ilikuwa ya tatu.

"Mama, ilibaki siku moja tu umuue," akasema.

Nikamwuliza kama yeye amezaa. Hakukasirika. Alivuta kiti akanieleza kwa ng'ombe, kwa kuwa aliona mimi ni mtu wa ng'ombe. Ubongo wa mlevi ni kama dume linalovuta jembe zito mwaka baada ya mwaka. Limezoea kusukuma kwa nguvu zote. Ukikata kamba ghafla halipumziki. Linarukia mbele na kuvunjika miguu. Ndiyo kutetemeka, ndiyo siafu, ndiyo kifafa. Mtu wa namna hii analetwa hospitali aachishwe taratibu kwa dawa. Hafungiwi na majembe.

Nikamwuliza kuhusu bilauri ya Akiteng. Akasema si tiba, na mtu aliyezimia asitiwe kitu chochote mdomoni, kingempalia. "Lakini huyo mama alijua ugonjwa kuliko nyinyi nyote."

Hilo liliniuma kuliko yote. Akiteng aujue mwili wa mwanangu kunishinda mimi.

Kisha akauliza anakunywa nini. Nikasema gongo aliacha, siku hizi ni ajon tu.

"Kiasi gani?"

"Ajon si pombe, binti yangu. Ni chakula."

"Mama," akasema, "ini halijui nani kapika."

Mkono uliniwasha kumpiga kofi. Yeye alikuwa ameshaweka vidole chini ya mbavu za Ilukor, anabonyeza. Akauliza baba yake alikufa kwa nini. Nikasema alirogwa tumbo. Akauliza bila kunitazama, "Lilijaa maji? Macho yakawa ya njano? Mwisho akatapika damu?"

Nikamwuliza ni nani kamsimulia. Akaandika kwenye karatasi yake.

Nimekaa nje ya wodi tangu saa hiyo. Miaka kumi na tano nimemchukia shemeji wa Ekwaru, dada wa mkewe, kwa kumroga mume wangu. Yule mama alikufa sijamsalimia. Na mtungi ulikuwa wangu.

Alhamisi, 4 Julai

Mvua. Amekula uji nusu kikombe.

Jumanne, 9 Julai

Leo mdogo wako amezungumza. Mchana, wagonjwa wengine wamelala. Nilikuwa namkata kucha. Nikamwuliza, si kwa ukali, alikuwa anatafuta nini humo mitungini.

"Si kwamba naipenda, mama," akasema. "Nikiamka kuna mtu amenikalia kifuani. Hasemi kitu. Ananitazama tu. Nikinywa anashuka."

"Na kesho?"

"Anarudi mzito zaidi."

Nikamwuliza tangu lini. Akasema tangu tulipomzika baba.

"Mbona hukusema?"

"Kwa nani?" Akanitazama kwa macho yale ya njano. "Kila nilipokaa na watu palikuwa na mrija."

Niliendelea kukata kucha. Nilipomaliza mkono mmoja nikarudia uleule, maana nilikuwa sioni vizuri.

Nimempelekea Anyait maneno hayo. Amesema huo ni ugonjwa wa moyo kuzama katika huzuni, una matibabu, na kwamba pombe inamshusha huyo mtu kifuani dakika chache kisha ndiyo hiyohiyo inayomnenepesha. Ameanza kumketisha na kuzungumza naye kila asubuhi. Miaka kumi na tano, Okiror. Tulimzika baba yenu kwa mitungi tisa, tukasema tumeomboleza vizuri.

Jumamosi, 13 Julai

Amerudi nyumbani. Amekonda, anatembea na fimbo. Mitungi yangu nimeifunika kifudifudi.

Ijumaa, 19 Julai

Amoding amejifungua msichana. Mapafu anayo.

Jumapili, 21 Julai

Ekwaru amekuja kuuliza nitatoa wapi ajon ya kumpa mtoto jina, maana ya kwangu haijaanza hata kuchacha. Nikamwambia haitakuwepo. Alidhani amezeeka masikio, akauliza tena.

"Mama Okiror, mtoto asiyeonjeshwa ajon atajulikanaje?"

"Kwa sura," nikamwambia.

Ameondoka bila kumaliza chai. Amepita nyumba hadi nyumba akisema hospitali imenitia kichaa mimi, si mwanangu.

Jumamosi, 27 Julai

Walikuja. Wengi walikuja kuona kama kweli nitathubutu.

Nilikaa kwenye ngozi, mtoto mapajani, na kibuyu pembeni. Ndani ya kibuyu palikuwa na uji wa ulezi mpya, wa asubuhi ileile, mwepesi, haujakaa hata saa moja. Ekwaru alinusa akageuza uso. Nikainua kidole hiki cha kulia nikawaambia ya kwangu, kabla hawajaniambia ya kwao.

Niliwaambia: miaka arobaini na moja iliyopita nilichovya kidole hiki katika ajon nikakitia kinywani mwa Ilukor. Nilipotaja jina lake alinyonya kwa nguvu mpaka mkaanguka kwa kicheko, mkasema amezaliwa mwanamume. Nilijivuna mwezi mzima. Hakuwa ameonja hata maziwa yangu vizuri. "Sitawalaumu wahenga," nikasema, "walifanya walichojua. Mimi sasa najua. Nikirudia, kosa litakuwa langu, si lao."

Nikachovya uji. Nikataja Akurut, mtoto akageuza kichwa kulikataa. Nikataja Apolot, jina la mama yangu, akashika kidole akanyonya.

Ekwaru akasema uji hauwezi kufunga jina, litamponyoka. Nikamwambia mtoto wa siku nane hunyonya chochote, hata pembe ya kanga, hata kidole cha Ekwaru kikioshwa. Baadhi walicheka. Yeye hakucheka. Akachukua ala ya mrija wake, ambao hakuutumia, akaondoka, na nyuma yake wakaondoka wanaume karibu wote. Jua halijafika utosini na ua ulikuwa mtupu, nyama bado jikoni.

Ilukor alimchukua mtoto. Mikono yake haikutetemeka, na safari hii nilijua hakupitia kwa mtu. Akamwita, "Apolot," mara moja, halafu tena. Nafikiri alikuwa anajihakikishia kwamba hilo hatalisahau.

Akiteng ndiye aliyebaki kuosha vyombo. Hatukuwa tumesemezana tangu bilauri. Nikamwuliza kama bado anapika.

"Napika. Nina wajukuu wanne, na hakuna mtu aliyenipa jembe. Lakini Ilukor kwangu hapati hata harufu. Alikuja juzi, nikamfukuza na mwiko."

"Na wana wa wenzio je?"

Akasugua sufuria ileile muda mrefu. "Nipe muda, Asekenye."

Nilimwambia mimi nilijipa miaka arobaini, asinifuate. Halafu nikamfungia nyama ya kwenda nayo.

Jumapili, 4 Agosti

Siku ya thelathini na tisa hajaonja kitu. Tulikwenda kwa Anyait jana. Amesema kovu la ini halifutiki, lakini kipande kilichobaki kizima kinaweza kumbeba mpaka awaoze binti zake, mradi asionje tena kabisa, si harusini, si msibani, si tone la heshima. Kuhusu kifua, anasema yule mtu anashuka polepole. Siku nyingine bado anakaa.

Sasa nakwambia linaloniudhi kuliko yote, na ndilo lililonifanya nimalize daftari hili na kulituma kwako badala ya kuingoja miguu yako.

Gongo tumelishinda kwa leo. Watu ndio wanaonishinda. Mwanamume asiye na mrija hapa hana pa kukaa. Wakikutana kwa Ekwaru hawamwiti. Akipita wananyamaza, au mmoja anasema, "Huyo mwana wa uji." Waliokuwa wanamvuta shati anywe leo hawana hata swali la kumuuliza kuhusu mahindi yake. Jumanne alasiri nilimwona amesimama njiani saa nzima, ameegemea fimbo, anatazama wale wazee na mtungi wao. Nilitaka kumkimbilia kwa matusi. Kisha nikamtazama shingo, nikaona hakuwa na kiu ya pombe. Alikuwa na kiu ya watu.

Alirudi nyumbani. Jumatano alirudi pia. Siku ambayo hatarudi siijui, wala Anyait haijui, na mimi ni mwanamke mzee; naweza kumpikia, kumfulia, kumkalia mlangoni na kinu, lakini siwezi kuwa mwanamume anayeketi naye.

Wewe unaweza. Ndiyo maana hasira yangu yote iliyobaki imekuja Mbale.

Ukija, usianzie kwangu. Fika alasiri, saa wanaume wanapokaa, wakuone wote. Pita moja kwa moja hadi kwa mdogo wako, vuta kiti, kaa mlangoni pake. Usimpe pole wala usimuulize anaendeleaje na pombe. Muulize amepanda mahindi gani. Atakueleza, atasahau kwamba amekueleza, atakueleza tena. Sikiliza zote mbili. Mimi nitakuwa jikoni nawatazama. Nikisikia amecheka nitaleta chakula. Kabla ya hapo usithubutu kuja kunisalimia.